Fundi Juu ya Jukwaa na Mpita Njia Chini Yake

Mtu aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome ya Yesu, akaishika Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, atatambua kabla hajaenda mbali kwamba mji huu ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, wala si kwa kipimo cha motokaa. Njia ni nyembamba. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimesimama uso kwa uso, nyingine za ghorofa moja, nyingine mbili au tatu. Na roshani za mbao zimetokeza juu ya njia, hata katika vichochoro vingine mtu wa upande huu aweza kuzungumza na jirani wa upande wa pili bila ya kupaza sauti. Nyumba hizi ni za zamani, na kitu cha zamani hakiishi kutengenezwa, hasa tangu ulipotolewa mpango wa kuuhifadhi mji huo mwaka 1990, ambao wataka roshani na milango ya kale ifanyiwe matengenezo badala ya kubomolewa. Kwa hiyo si ajabu kuona boriti zimesimamishwa mbele ya nyumba na kufungwa kwa kamba, mbao zimelazwa juu yake, na fundi amepanda na nyundo yake na patasi yake kutazama ubao uliooza.

Chini ya jukwaa hilo njia haifungwi, kwa sababu mara nyingi hakuna njia nyingine. Watoto waenda chuoni, wanawake waenda sokoni, wazee watoka msikitini, muuza kahawa apita na dele lake akigonganisha vikombe. Ghafula hutokea hamali na mkokoteni wake umejaa magunia, naye apiga kelele, "Simile! Simile!" Kila mtu ajua la kufanya akisikia neno hilo: hujibanza ukutani mpaka mkokoteni umepita. Basi hapo ndipo penye jambo lenyewe, maana ukutani ndipo liliposimama jukwaa. Mtu mwenye adabu, aliyempisha mwenziwe, amejiweka sawasawa chini ya nyundo ya fundi ambaye hamwoni, wala fundi hamwoni yeye.

Na nyundo hiyo iko wapi? Aghalabu imelazwa juu ya ubao, au ukingoni mwa ukuta, au imechomekwa katika mfuko wa suruali, mpini umening'inia nje. Fundi ameiweka hapo kwa kuwa alihitaji mikono miwili kushika kipande cha mbao, na baada ya dakika mbili ataitaka tena. Katika dakika hizo mbili kiwiko chake chaweza kuigusa, ubao waweza kutikisika mwenzake apitapo, au kamba ya ndoo yaweza kuikumba. Haikuachwa kwa ubaya. Iliachwa kwa haraka, tena na mtu mwenye bidii.

Hesabu yake yafaa ijulikane. Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 10, ambacho ni karibu na kimo cha paa la nyumba ya ghorofa mbili, hufika chini kwa muda wa sekunde 1.4, na wakati wa kugusa chini huwa kinakwenda mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kama motokaa iendayo katika barabara za mjini. Watu wengi hudhani kwamba nyundo ya kilo mbili huanguka upesi kuliko nyundo ya nusu kilo. Sivyo, zote mbili hufika pamoja, ila pigo lao ndilo lisilo sawa. Muda huo ni mfupi kuliko muda wa kutamka, "Jamani, angalieni juu!" Na hata kama fundi amewahi kuyatamka maneno hayo, jambo la kwanza afanyalo mtu aitwaye hivyo ni kuinua uso wake. Kofia ya chuma au ya plastiki ngumu huvaliwa na mafundi wa majengo makubwa. Mpita njia wa Mji wa Kale amevaa kofia ya vito au mtandio, na hivyo havizuii nyundo.

Yafaa sasa tuuache mji kidogo, tuvuke maji mpaka mashamba ya minazi ya bara, upande wa Kisauni, Likoni na Mtwapa, tumtazame mgema. Huyu hupanda mnazi asubuhi na jioni kwa kukanyaga vipande vilivyochongwa katika shina, akifika juu hukata kilele cha karara kwa kotama, naye ana kibuyu cha kukingia tembo. Kotama ni kisu kikali sana. Kikiwa butu hakifai kazi hiyo. Lakini hakuna aliyemwona mgema akipanda hali ameshika kotama mkononi. Mikono yake miwili na miguu yake miwili ni ya mnazi. Kotama hukaa kiunoni, ndani ya ala iliyofungwa kwa mshipi, mahali ambapo mkono wa kulia huifikia bila ya jicho kutazama. Nayo hurudi pale pale mara tu karara ikiisha kukatwa, kabla mgema hajagusa kitu kingine. Mtu akitafuta kanuni nzima ya jambo hili, ndiyo hiyo: chombo kiwe ama mkononi kikifanya kazi, ama mahali pake kimeshikwa. Hakuna mahali pa tatu.

Na wasomaji wapendao lugha watakumbuka kwamba neno "ala" lina maana mbili katika Kiswahili. Ala ni mfuko wa kisu au upanga, na ala ni chombo cha kufanyia kazi. Ni maneno mawili yenye asili mbalimbali, la kwanza la Kibantu, la pili la Kiarabu, yakakutana katika sauti moja. Lakini mgema angeweza kutuambia kwamba hayakukosea kukutana.

Turudi jukwaani. Fundi wa nyumba hawezi kuwa na ala ya kila chombo, kwa kuwa vyake ni vingi: nyundo, patasi, msumeno, randa, koleo, bisibisi, tupa, na kama ni mwashi, mwiko, timazi na pima maji. Avipandishe vipi, na avikalishe wapi?

Kupandisha kwanza. Katika majengo mengi husikika fundi wa juu akimwambia kijana wa chini, "Nirushie hiyo nyundo!" naye kijana huirusha, kwa kuwa amwamkuaye shikamoo kila asubuhi hawezi kumwambia hapana. Mara kumi hudakwa. Desturi hii haina faida yoyote, maana kamba na kapu haviongezi hata nusu dakika. Kila kitu kipandacho kipande ndani ya ndoo au kapu lenye mdomo uwezao kufungwa, na vyombo virefu kama msumeno vifungwe katika mpini wa ndoo, visichomekwe tu vikiwa vimesimama. Kijana aliye chini asisimame chini ya kapu linapopanda. Nalo likifika juu, lisivutwe juu ya ukingo kwa mkono mmoja, bali litundikwe kwanza katika kulabu iliyo imara, ndipo vitu vitolewe kimoja kimoja.

Kukalisha ni kazi ya mambo matatu: ukingo, mfuko na kigwe. Ukingo ni ubao uliosimamishwa kwa ubavu pembezoni mwa jukwaa, wa kimo cha shubiri moja hivi, ili kitu kikivingirika kisitoke nje. Ni ubao tu, wala fundi seremala hakosi mbao. Lakini majukwaa mengi hujengwa bila ya huo, na hapo ndipo misumari, vipande vya matumbawe na vichwa vya patasi hupatia njia. Mfuko ni wa turubai au ngozi, wa kufungwa kiunoni, wenye vyumba mbalimbali ili makali yasigusane. Misumari nayo ikae katika mfuko wake. Mafundi wengi huiweka kinywani, na mbali na hatari ya kuimeza, fundi mwenye misumari kinywani hawezi hata kupiga ukelele wa kumwonya mtu.

Kigwe, yaani kamba nyembamba ya kukifunga chombo kwa mtu au kwa jengo, yataka maelezo zaidi, kwa sababu wengi wamekijaribu wakakiacha, na wengi katika hao walikifunga vibaya.

Kwanza kiwe kifupi. Kirefu chake kisizidi mkono ulionyooshwa. Nyundo ikianguka katika kigwe cha mita mbili hufika mwisho wake kwa kishindo, na kishindo hicho chaweza kukata kamba, kung'oa fundo, au kuifanya nyundo ibembee na kumpiga mtu aliye kwenye ubao wa chini. Pili, uzito uangaliwe. Wajenzi wa nchi nyingi hufuata kanuni kwamba chombo kisichozidi kilo mbili na robo hivi chaweza kufungwa mwilini mwa fundi; kilicho kizito zaidi hufungwa katika jukwaa au katika jengo lenyewe, kwa maana nyundo kubwa ya kubomolea ikianguka nayo imefungwa kiunoni, fundi naye aweza kuifuata. Huko Marekani mwaka 2018 walitoa kipimo rasmi cha kuvijaribu vigwe, mifuko na mahali pa kufungia kabla havijauzwa, na hapo twaweza kuona kwamba jambo hili halihesabiwi kuwa dogo katika nchi zenye majengo marefu kuliko ya kwetu.

Tatu ni kamba yenyewe. Pwani hii ina kamba za makumbi, ambazo hutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa katika matope ya maji ya chumvi na kupondwa. Na katani, ambayo imelimwa kwa miaka mingi katika mashamba ya Vipingo. Na siku hizi nailoni imejaa madukani. Katani ina nguvu kuliko makumbi, lakini ni ngumu na huharibika ikilowa mara kwa mara. Makumbi ni dhaifu kidogo, lakini hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na kwa hiyo hupunguza kishindo; tena hayaogopi maji ya chumvi. Nailoni ina nguvu na hunyumbuka pia, lakini jua la miaka mingi huila, na fundo lake huteleza likifungwa ovyo. Fundi achague ijuayo mikono yake, mradi aitazame kila asubuhi. Na kama atumia kulabu za chuma, akumbuke hewa ya Mombasa: chumvi ya bahari huila chuma upesi, nayo kulabu iliyooza ndani huonekana nzima kwa nje.

Mahali pa kufunga kigwe ni mwisho wa mpini, penye tundu dogo au mfuo uliochongwa kuzunguka, wala si katikati ya mpini ulio laini ambapo fundo litateleza.

Yapo mahali ambapo kigwe hakifai, na ni haki yasemwe. Shoka na tezo zisining'inizwe kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa zikiponyoka makali hurudi mguuni mwa mwenyewe. Hizi zifungwe kwenye jukwaa, au zifanyiwe kazi chini. Wala mtu asifunge kigwe mkononi akitumia keekee ya umeme au chombo chochote kinachozunguka, maana kamba ikishikwa na kinachozunguka, mkono hufuata. Keekee ya umeme ifungwe kwa waya wa jukwaa nyuma ya mshikio, mbali na ncha yake.

Fundi mkongwe atasema kwamba amefanya kazi miaka 30 bila ya kufungwa kama mbuzi, na kwamba kamba humtatiza mtu. Neno lake lina ukweli ndani yake, maana kamba ndefu humtatiza mtu kweli, na vigwe sita vilivyofungwa katika mshipi mmoja ni wavu wa kuvulia samaki. Ndiyo sababu mafundi wenye akili hufunga chombo kimoja au viwili vya saa ile, na vingine vikae ndani ya mfuko uliofungwa. Lakini na atazamwe fundi yuyo huyo akipima ukuta. Timazi ni chombo kilichozaliwa na kamba yake, nacho kina uzito wa kutosha kumuumiza mtu. Wala hajasikika mwashi aliyelalamika kwamba kamba ya timazi yamtatiza. Ameizoea, basi.

Tena watu wa pwani hii si wageni wa kufunga. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, chasimulia habari za bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na chataja mambo mawili yanayotuhusu. Moja ni mashua zilizoshonwa kwa kamba. La pili ni bidhaa zilizoletwa na wafanya biashara wa Arabuni, nazo ni mikuki iliyofuliwa Muza, mashoka, visu, na vyuma vidogo vya kutobolea. Yaani chombo cha chuma kilikuwa kitu cha kuagizwa ng'ambo na kulipiwa, na chombo cha baharini kilishikwa kwa kamba. Mitepe iliendelea kushonwa hivyo kwa makumbi, bila ya misumari ya chuma, mpaka mwanzo wa karne ya 20. Mtu ambaye wazee wake walivuka bahari katika chombo kilichofungwa kwa kamba ana haya gani ya kuifunga nyundo?

Mafundi wa majahazi walikuwa na sababu nyingine ya kuchunga vyombo vyao, na wale wachache wanaotengeneza madau na mashua pwani ya Bandari ya Kale na katika hori ya Tudor wanayo hata leo. Chini yao hapapiti mtu bali maji. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Mtu anayekalafati chombo kilicholazwa ufukoni, akishindilia pamba katika nyufa za mbao kwa chembeu, ana saa chache tu kabla maji hayajamfukuza. Patasi iliyoachwa juu ya tope hutafutwa wakati ambao ungetumika kuziba ufa. Na maji yakiisha kuifunika, basi. Bandari hii si nyepesi kurudisha. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani, nayo ilikaa chini mpaka wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale walipoichimbua tangu 1977 hata 1980. Fundi hawezi kungoja nyundo yake miaka 280.

Kwa hiyo fundi wa jahazi hawekei chombo chini. Huwa na kapu la ukili lililotundikwa kwenye nguzo inayoegemeza chombo, juu ya mstari wa maji, na kila kitu hurudi humo. Vivyo hivyo mvuvi hufunga upo wake, ule wa kufulia maji, kwa kamba ndani ya dau: siku dau litakapojaa maji, ndiyo siku upo utakapoelea ukaenda zake. Keekee ya zamani, iliyozungushwa kwa uta, ilikuwa na viungo vinne, yaani chuma, msukano, jivu na uta. Na kimoja kikipotea, vile vitatu vilikuwa kuni.

Mchonga nakshi naye hana hatari ya kumwangushia mtu kitu, maana huketi karibu na sakafu na ubao wake mbele yake. Lakini mtazame apangavyo patasi zake, pana kwa nyembamba, nyoofu kwa zilizopinda, mipini yote imeelekea kwake na makali yote yameelekea mbali. Huinyosha mkono bila ya kuondoa macho katika ua analolichonga, akashika ile aitakayo, kama karani ajuavyo mahali pa muhuri wake mezani. Patasi ikirudishwa mahali pa nyingine, ua huharibika au kidole hukatwa. Mwanafunzi wake hupewa kwanza kazi ya kuzipanga na kuzinoa, kabla hajaruhusiwa kugusa mti wa msaji, naye huona kwamba anacheleweshwa.

Lipo jambo moja jingine ambalo kigwe hakiwezi kulizuia, nalo ni kichwa cha chombo kuchomoka katika mpini. Kigwe kimeshika mpini. Kichwa cha chuma chaenda zake. Wakati wa kaskazi, katika miezi ya joto la Januari na Februari, mti wa mpini hukauka na kunywea, na nyundo iliyokuwa imara wakati wa masika huanza kucheza. Dawa ya haraka ijulikanayo na wote ni kuizamisha katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi huwa imekaza, na fundi hufurahi. Lakini mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hujibana na kupondeka, na ukikauka tena huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo maji hukaza kwa siku moja na kulegeza kwa mwezi. Dawa ya kweli ni kabari ya mti mgumu, kisha kabari ndogo ya chuma kwa kuikingama, na kama mpini umepasuka, mpini mpya. Tezo yataka uangalifu kuliko nyundo, kwa kuwa hupigwa kuelekea miguuni mwa mwenyewe.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1951, ilihusu hasa viwanda, na mwaka 1990 ikapanuliwa ili iguse na mahali pengine pa kazi. Kanuni za kazi za ujenzi zilitolewa mwaka 1984. Kisha ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ndiyo iliyochukua mahali pa ile ya kwanza. Hii haimtazami mwenye kiwanda peke yake. Mfanyakazi naye hutakiwa kuangalia usalama wake na wa watu wengine wawezao kudhurika kwa alitendalo au aliloacha kulitenda. Na mtu ajifanyiaye kazi mwenyewe, asiye na bwana, hutakiwa kuwalinda walio mahali pake pa kazi na walio karibu napo. Fundi wa Mji wa Kale, anayepatana na mwenye nyumba kwa maneno tu juu ya kikombe cha kahawa, yumo katika maneno hayo. Mwenye nyumba naye asiseme, "Mimi nimempa kazi fundi, yaliyobaki ni yake," akiwa yeye ndiye aliyembana katika bei hata mbao za ukingo zikaondolewa katika hesabu. Jambo hili hutokea sana, nalo halizungumzwi: ukingo, mifuko na kamba ndivyo vitu vya kwanza kukatwa bei ikishushwa, kwa sababu nyumba ikiisha havionekani.

Gharama yenyewe si kubwa. Mbao za ukingo hutumika tena katika jukwaa lijalo, mfuko wa turubai hushonwa na fundi cherehani yeyote, na kigwe ni pima moja ya kamba. Kinachogharimu ni mtu wa kusimama chini wakati wa kazi nzito, mbao zinapong'olewa au boriti inaposhushwa, ili asimamishe watu pande zote mbili za njia kwa dakika chache. Mtu huyo afaa awe mtu mzima, wala si yule kijana mdogo kuliko wote. Hamali aliyekwisha sukuma gunia nane kutoka bandarini hasimamishwi na mtoto.

Katika karakana kubwa za reli na za merikebu huko Ulaya palikuwa na desturi ya kumpa kila mfanyakazi vibati vya shaba vyenye nambari yake. Akitaka chombo ghalani huacha kibati kimoja, nacho hutundikwa mahali pa chombo kile. Jioni mlinzi wa ghala hutazama ukuta akajua ni kipi hakijarudi na ni nani aliye nacho. Wanaotengeneza eropleni hawakubali chombo kiondoke mpaka kila koleo na kila bisibisi iwe imeonekana, kwa maana kitu kilichosahauliwa ndani ya mashini chaweza kuwaua watu walio juu ya mawingu. Fundi wa Mombasa hana haja ya vibati. Akichora kwa kaa umbo la kila chombo juu ya kifuniko cha sanduku lake, pengo litajionyesha lenyewe.

Mafundi wengine hufanya hivyo kwa kuhesabu tu. Kazi ikikaribia kwisha, kabla ya adhana ya magharibi, mmoja hutaja na mwingine huonyesha: nyundo mbili, patasi nne, msumeno, randa, koleo, timazi. Kikikosekana kimoja hakuna anayeshuka. Hukitafuta juu ya mbao, nyuma ya boriti na katika mashimo ya ukuta mpaka kionekane, hata giza likiingia, kwa sababu upepo wa kusi hutikisa jukwaa usiku, na asubuhi watoto wa chuo hupita njia ile mapema kuliko mafundi.